Tupeane uzoefu: ni mahali gani, au sanaa gani ya mahali pa wazi, palipokufanya uiwaze siku yako ya mwisho?

Ndugu zangu wa Goma, karibuni tuzungumze jambo ambalo majumbani mwetu hunyamaziwa hadi msiba ubishe hodi. Nianze mimi. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, iliifunika nyumba yetu, na tuliporudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, baba alituonyesha kwa fimbo mahali kilipokuwa kitanda chake, kisha akajenga papo hapo. Ukuta wa ua aliujenga kwa mawe yale yale meusi, na kwenye kona moja akachonga kwa patasi chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, isiyo na mwendeshaji. Nilipomwuliza mwendeshaji yuko wapi, alijibu kwamba ameshashuka. Baba naye hayupo tena, ukuta upo.

Mkazi wa Kibati:
Asante, ndugu. Mimi mjomba alinipeleka kuona matundu ya miti. Lava ya Januari 1977, iliyokuwa nyepesi na yenye kasi ya ajabu, ilivizunguka vigogo ikagandia hapo, mti ukaungua ndani, yakabaki matundu ambayo ukiingiza mkono unapapasa mikunjo ya gome la mti usiokuwapo. Hata tembo waliacha maumbo yao namna hiyo. Sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu pale mjini inapendeza kwa kupiga picha (mnisamehe), lakini haijawahi kuninyamazisha kama lile tundu.

Mkazi wa Mugunga:
Kwetu mwalimu ni mazuku, yaani hewa ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, isiyo na rangi, ambayo kwa uzito wake hutuama mabondeni, hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo. Nilipokuwa na miaka sita tulimkuta mbuzi wetu amelala bondeni kama aliyesinzia, jani bichi likiwa bado mdomoni. Nilikimbilia kumwinua, bibi akanivuta hadi shati likachanika, kwani pale aliposimama yeye akipumua bila shida, mimi nilikuwa nikimfikia kiunoni tu. Siku hizi vijana wamechora fuvu kwa chokaa kwenye mwamba wa pale, kazi nzuri kweli, ila wamelichora juu mno, kwenye kimo cha mtu mzima.