Mrejesho: benchi za saiprasi zilizobanduka vanishi

Habari zenu. Niliuliza kuhusu benchi zangu za saiprasi hapa Kisumu, ambazo vanishi ilikuwa ikibanduka kama magamba ya samaki na miguu ikigeuka nyeusi. Wengi mlisema nisipake vanishi mpya juu ya ile kuukuu. Mlikuwa sahihi.

Fundi aliikwangua yote, akapiga msasa namba 80 kisha 120 kwa kufuata nyuzi za mbao. Weusi wa juu ulitoka. Ulioingia ndani nimeuacha. Tatizo hasa lilikuwa chini: miguu ilikatwa ikaachwa wazi, na mbao hunyonya maji haraka zaidi mahali ilipokatwa kuliko ubavuni. Tena udongo mweusi wa huku ukilowa haukauki upesi. Tuliisimamisha miguu ndani ya makopo yenye mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani, aina inayouzwa kwa jina la “boiled”, si ya kuchemsha mwenyewe) hadi ikashiba, kisha kila mguu ukawekewa kipande cha tofali chini yake. Mchwa nao sasa watalazimika kupita mahali ninapowaona.

Aliyependekeza oili chafu ya gari, asante, ila hiyo naiachia nguzo za ua. Inachafua nguo, na mama mkwe hukaa hapo.

Tahadhari: vitambaa vyenye linsidi msivirundike kwenye kona. Hupata joto vyenyewe hadi kuwaka. Vitandazeni nje vikauke.

Mvua imeshanyesha na maji yanateleza tu juu ya mbao iliyopakwa mafuta hayo. Nitaongeza mafuta mbao ikianza kupauka.