Tupeane uzoefu: wakati wa dhiki, huruma ya Mungu uliionea wapi?

BintiKibokoni (mwanzisha uzi)
Assalam aleikum, Bwana asifiwe, na wengine wote habari zenu. Shuhuda za "niliomba gari, nikapata gari" zimejaa kila mahali. Hapa nataka za dhiki yenyewe: kazi imeota nyasi, mgonjwa kalazwa, mvua imeingia mpaka kitandani. Dini yoyote, karibuni. Ila mahubiri hapana, na majina ya watu msiandike.

Naanza mimi. Mei 2020 Mji wa Kale hapa Mombasa ulipofungwa kwa ajili ya korona, tulikuwa katikati ya Ramadhani. Haingii mtu, hatoki mtu. Mume wangu ni wa tuktuk, mimi ni wa mahamri na mbaazi. Kafyu ilikuwa imeshatubana tangu Machi, kule kufungwa kukamalizia. Jioni moja ndani mna tende, maji, na unga kidogo ambao hata mafuta ya kuukaangia sina. Adhana inakaribia, mlango ukabishwa: mtoto wa jirani, kabeba sinia limefunikwa kawa. Kufunua, wali wa nazi, mchuzi wa samaki, kachumbari, na pembeni chupa ya soda imetiwa mafuta ya kupikia. Mtoto akasema kama alivyofundishwa: "Mama asema mafuta hayo umpikie mahamri ya daku, yeye kwake hayafuri."

Jamani! Mwanamke yule mahamri yake yanafura kuliko yangu, mtaa mzima wajua. Alijua nimekwama, akaigeuza ikawa mimi ndiye namfaa yeye. Usiku huo nilipika, nikampelekea yake, mengine tukala. Angeweza kunilisha tu, akanisitiri pia. Mimi nasema Mola ndiye aliyemfundisha uongo ule.

Mtoto_wa_Likoni
Yangu ni ya mamangu. Aprili 29, 1994 alikuwa apande feri ya Mtongwe aende kazini kisiwani. Mdogo wangu akaamka na homa, mama akakawia kumtafutia dawa. Alipofika ufuoni feri imeshapinduka. Walikufa watu 272. Kila mwaka tarehe hiyo mama hufunga na kushukuru. Mungu alimkinga, basi.

BabuWaMtongwe
Mwanangu, shukuru, na mamako umpe pole yangu kwa aliyoyaona pale ufuoni. Lakini mimi nilikuwamo. Feri ilijaa kupita kiasi, ikalala upande, na wala hatukuwa tumefika mbali. Mtu wa hori alinivuta kwa ukosi wa shati, ukosi ukachanika, akanikamata nywele. Mwenzangu tuliyekuwa shifti moja bandarini, mtu wa swala tano, hakutoka. Mimi zama zile hata Ijumaa nilikuwa naiswali kwa kuvizia.

Kwa hivyo mtu akiniambia nilipona kwa sababu Mungu ananipenda, humuuliza: na yule je? Mola ni mwenye kurehemu, hilo silitilii shaka, na kila nikiamka nasema alhamdulillah. Ila shukrani yangu haina "kuliko fulani" ndani yake. Wajane wa siku ile nao wanasoma humu.

Mama_Bombolulu
Babu, ahsante sana. Mimi nilimzika mtoto wangu wa kwanza baada ya kukaa naye sana wodini. Niliomba, nikafunga, nikaombewa. Matangani wakaja wa kuniambia ni mpango wa Mungu, nikaacha kwenda kanisani kwa muda mrefu. Walionifaa ni kina mama wa chama chetu, Waislamu kwa Wakristo. Walilala nami sebuleni kwa zamu, hakuna aliyenitafsiria jambo. Mmoja alifua nguo za mtoto, akazianika, akazikunja, kisha akaniuliza: "Nizitoe au ziwepo?" Nikamwambia ziwepo. Zipo mpaka leo.

Kwamba Mungu alikuwa pamoja nami, naweza kusema. Kwamba alinikinga, bado. Msinilazimishe.

BintiKibokoni
Pole sana dada. Hakuna wa kukulazimisha hapa.

DamuYaBara
Babangu mtu wa bara, alikuja Mombasa kutafuta kazi, tukakulia Likoni. Agosti 1997 vita vilipozuka, kituo cha polisi kikavamiwa usiku, sisi watu wa bara tukawa wa kuwindwa. Mwenye nyumba wetu, nyanya wa Kidigo, alituingiza chumbani kwake. Mamangu akavishwa buibui. Sisi watoto tukaamrishwa tusifungue mdomo, maana lafudhi ingetutoa. Yeye akaketi mlangoni na tambuu yake.

Vijana wakaja na mapanga. "Nyanya, una watu wa bara humu?"
"Nina wajukuu, na wamelala. Nipisheni."
Wakaondoka. Kulipokucha alitusindikiza mpaka kanisa Katoliki la Likoni, uwanja umejaa watu na magodoro. Babangu, mlokole wa kutupwa, mpaka anafariki akisali usiku alimtaja kwanza nyanya yule wa Kiislamu, ndipo atutaje sisi wanawe. Wivu tulikuwa nao, sitawaficha.

DerevaChangamwe
Yangu haina panga wala feri. 2019 mizigo ya bandarini ilipolazimishwa kupanda reli mpya, SGR, kampuni niliyokuwa nikiiendeshea lori ikapunguza watu, nami nikiwemo. Kodi, karo, na mke mjamzito. Mwenye duka wa mtaani akawa anaandika kwenye daftari: unga, sukari, maziwa, hata tokeni za stima. Mtoto wangu hakurudishwa mikono mitupu hata mara moja. Mke wangu alishikilia Zaburi ya 91, mimi nikashikilia daftari.

Siku moja nikamuuliza mbona hanikatii. Akasema na yeye aliingia Mombasa na begi moja, akaandikiwa vivyo hivyo na mtu ambaye hata hakuwa wa kabila lake. Kisha akageuka kumhudumia mteja mwingine. Sasa naendesha lori la mchanga. Deni halijaisha. Mwisho wa mwezi napeleka nilichojaliwa, naye haniambii limebaki ngapi mpaka nimuulize.