Heidelberg ya zamani na herufi za risasi: vyuma chakavu, wachapaji wa mtaani au wakusanyaji wa Ulaya?

KijanaWaTanga: Wadau habari zenu. Marehemu babu alikuwa na kiwanda cha uchapaji hapa Tanga, kimefungwa muda mrefu na sasa familia inauza jengo. Ndani kuna mashine ya kuchapa ya Kijerumani, Heidelberg ile ya inchi 10 kwa 15 yenye mikono inayozunguka kushika karatasi, Adana ndogo ya kuchapa kwa mkono, makabati ya herufi za risasi (vipande vya madini ya risasi vya kupangia maneno ya kuchapa) na droo mbili za herufi kubwa za mbao. Jamaa wa vyuma chakavu ameshakuja na mizani anataka abebe vyote kwa kilo. Wengine wanasema niuze kwa wachapaji, wengine niwatafute wazungu mtandaoni. Kipi kinalipa?

FundiRola: Usimpe huyo wa mizani hata nati moja!! Hiyo Heidelberg bado ni mashine ya kazi, nenda Kariakoo au kule Nairobi River Road utakuta watu wanapigia namba vitabu vya risiti, wanatoboa mstari wa kuchania, wanakata maboksi ya dawa kwa dai (kisu chenye umbo la boksi), kazi ambazo mashine ya kisasa ya ofseti peke yake haikumalizii. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza miaka ya 80 kwa hiyo hata mbovu inanunuliwa kwa ajili ya spea. Kwangu mimi mashine anunue mchapaji, full stop.

BintiMvita: Naunga mkono, na kuhusu wazungu piga hesabu kwanza. Ile kitu ina zaidi ya tani moja, na kwao Ujerumani zilitoka zaidi ya 150,000, bado wanazo, sasa mtu alipe meli kutoka bandarini ya nini? Herufi za mbao ndio hadithi nyingine kabisa, ni nyepesi, zinaingia kwenye boksi zinaenda kwa posta, na wanaochapa mabango kwa mkono huko Ulaya na Marekani wanazigombania. Hata Adana inaweza kwenda, ni ya Uingereza na watu wa nyumbani wanaipenda sana. Piga picha seti nzima A mpaka Z na namba zake, ikipungua herufi sema wazi.

MzeeWaKesi: Mjukuu wangu, nimepanga herufi kwa mkono miaka mingi, nakuomba hizo risasi zisiende kuyeyushwa chubwi za wavuvi. Seti ikishavunjwa haiungwi tena. Uza kabati na droo zake pamoja, usichanganye saizi. Halafu kuna jambo vijana hawalijui: chukua venia, kile kifaa cha kupimia milimita, upime kimo cha kipande cha herufi kutoka kitako hadi uso unaochapa, za Kiingereza ni kama milimita 23.3 na za Kijerumani ni 23.56, hazichapi pamoja, na huko kwetu kulikuwa na vifaa vya wamisheni wa pande zote mbili. Mnunuzi makini atakuuliza hilo kabla ya bei. Ukiona unga mweupe juu ya herufi usiupulize, ni sumu ya risasi, vaa glavu na nawa mikono kabla ya kula.

KijanaWaTanga: Shikamoo mzee, asante sana, kesho natafuta venia. Sasa hiyo mashine nitajuaje kama ni nzima maana imekaa bila umeme?

FundiRola: Izungushe kwa mkono taratibu kwa gurudumu lake, isikilize. Kagua chuma kikubwa kinachobana karatasi kama kina ufa, kile ni chuma cha kumimina, kikipasuka kuchomelea ni bahati nasibu. Kuna bushi ya usalama iliyowekwa ikatike mashine ikizidiwa, wajanja wengine hutia ya chuma kigumu na hapo ndio mashine huvunjika mbavu, kwa hiyo mnunuzi aione. Rola za wino zikiwa zimeyeyuka au zina bonde usiogope, zinavishwa raba upya. Ila mota nyingi ni za umeme wa fezi tatu, mwambie mapema. Na namba ya mashine ipige picha, inaonyesha mwaka.

BintiMvita: Na usiwape mafundi wa mtaani waibebe kwa kufunga kamba kwenye ile mikono, itapinda na thamani imeisha. Tumia foko (folklifti) au mabomba ya kuiviringishia chini yake, iwe imefungwa kwenye mbao. Makabati toa droo moja moja, risasi ni nzito kuliko unavyodhani. Yule jamaa wa mizani mpe vyuma vya paa tu.