Gongo la softboli ya wazee: kompositi jipya, alumini, au la mtumba?

Mwana_wa_Pangani
Wakuu, salamu kwenu. Majirani zangu waliniona nikirushiana mpira na kijana wangu, wakaning'ang'ania hadi nikaingia kwenye timu yao ya softboli ya wazee (ndugu wa besiboli, ila mpira wake ni mkubwa zaidi), hii ya kurushiwa mpira taratibu. Sasa kila mchezaji anatakiwa awe na gongo lake. Ya timu yapo mawili na yote yamechoka. Nimebaki na machaguo matatu: Miken DC-41 jipya dukani, la kompositi (nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi), dola mia tatu na ushee, la alumini, dola 90, na jamaa wa kazini ana la kompositi alilochezea msimu mmoja, anataka dola 120. Lipi? Nataka kulipa kabla ya Ijumaa.

Kipepeo_wa_Nyali
Kaka, umeeleza kila kitu isipokuwa kinachotakiwa. Una miaka mingapi? Uko jimbo gani? Ligi yenu inafuata sheria za chama gani? Mpira mnaotumia umeandikwaje? Hilo la jamaa yako lina muhuri gani? Jibu hayo kwanza, la sivyo hapa kila mtu atakuuzia gongo lake.

Mzee_Fort_Worth
Chukua Miken, maliza. Mimi nina miaka 63, bega la kulia limechoka, na bado mpira naufikisha kwenye uzio. Nilianza na alumini, kila ukigonga vibaya viganja vinawaka moto hadi usiku. Aunsi 27, usizidishe. Vijana wa miaka 50 wanajitia kubeba aunsi 30, baada ya mwezi wanafunga kiwiko bandeji.

Mwana_wa_Pangani
Nimetimiza 50 mwaka huu. Chama sikijui vizuri, kwenye karatasi ya kujisajili wameandika USA Softball. Mpira ni wa njano. La jamaa nimeliona kwa picha tu.

Kipepeo_wa_Nyali
"Mpira ni wa njano." Haya, asante sana kaka, sasa tumepata mwanga 😂

Fundi_wa_Magongo
Tuanze na mihuri, maana hapa ndipo watu wanapoliwa hela zao.

Gongo lolote linaloruhusiwa kwenye mashindano lina muhuri wa chama, kwa kawaida karibu na shingo. Magongo ya wazee yana muhuri wa SSUSA, chama cha softboli ya wazee, unaosema 1.21 BPF, kipimo cha mrusho wa gongo. Kwa lugha ya nyumbani, mpira ukiligonga unarudi kwa kasi inayozidi kwa asilimia 21 ile ambayo ungerudi nayo ukigonga kitu kigumu kisichobonyea. Yaani lina mrusho. Wazee wameachiwa mrusho huo kwa sababu misuli imepungua. USA Softball, wale waliokuwa wanaitwa ASA hadi mwisho wa 2016, wana kipimo chao kingine: mpira usitoke kwenye gongo kwa zaidi ya maili 98 kwa saa. USSSA, chama kingine, nao wana muhuri wao. Muhuri wa mmoja hauingii kwa mwingine mpaka sheria za ligi yako ziseme unaingia.

Na jina la gongo lisikudanganye. Jina lile lile, rangi zinazofanana, linaweza kutoka kiwandani kwa mihuri mitatu tofauti. Kwa hiyo "Miken DC-41" haitoshi. Ligeuze, usome. Halafu mwulize meneja wako kwa maandishi: "Gongo la SSUSA linaruhusiwa kwetu?" Ligi nyingi za mtaa zina kiraka chao cha sheria.

Mpira nao una maandishi. 52/300 au 44/375? Namba ya kwanza inaonyesha unavyodunda, ya pili ni pauni za nguvu zinazohitajika kuubonyeza robo inchi. Wa 375 ni mgumu, na kwenye baridi unakuwa jiwe. Hujasema uko jimbo gani.

Mwana_wa_Pangani
Niko Minneapolis. Mechi ya kwanza ni mwishoni mwa Aprili.

Fundi_wa_Magongo
Minnesota, Aprili, na wewe unauliza kompositi! Ungeanza na hilo. Kompositi halipendi baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi, gongo linaanza kupasuka nyufa za utando, nyembamba kama nywele, na dhamana nyingi ni za mwaka mmoja. Nunua la alumini la dola 90 kwa Aprili na Mei. La kompositi litoke joto likija.

Mzee_Fort_Worth
Ndiyo maana watu wenye akili wanahamia Texas.

Nesi_Lowell
Texas ambako Agosti mnacheza saa moja asubuhi ili msizimie? Shikamoo mzee wangu, lakini tulia.

Mwana wa Pangani, mimi sichezi, ila mume wangu anacheza kundi la 55 na kuendelea, na mimi ndiye ninayemfunga barafu. Nikuulize: glavu unayo? Viatu je? Kabla ya gongo la dola 300 nunua viatu vya meno ya plastiki, vya chuma usiviguse, ligi za wazee haziviruhusu. Huku wazee hawaumii kwa gongo. Wanaumia wakitoka besi (kituo cha kukimbilia) ya kwanza kwenda ya pili kama wana miaka kumi na nane, msuli wa nyuma ya paja unakatika kabla hawajafika nusu. Nimeona wanaume wazima wakibebwa juu ya kiti cha kukunja.

Mwana_wa_Pangani
Glavu ninayo ya kijana wangu, ya besiboli, inchi 11 na nusu.

Kipepeo_wa_Nyali
Ndogo. Mpira wa softboli ya wanaume una mzingo wa inchi 12, wa besiboli ni 9. Tafuta glavu ya 12 na nusu hadi 13, ya 14 kama unapangwa mbali nyuma. Hiyo ya mtoto mpira utaingia nusu, nusu nyingine utaidaka kwa meno.

Kobe_wa_Kansas
Ngoja niseme kuhusu hilo la mtumba, maana nimeona kila mtu amelipita.

Mimi nilinunua la mtumba kwa mtu mmoja mtandaoni. Picha safi, muhuri unaonekana, bei nusu ya dukani. Likaja. Mechi za kwanza nilijiona mfalme. Mimi ni mtu wa kugonga mpira wa chini kati ya besi ya pili na ya tatu, sikuwahi kutoa mpira nje ya uzio maisha yangu yote. Ghafla natoa. Timu nzima inaniuliza nimeanza mazoezi gani. Mke wangu anadhani ni mchicha.

Tukaenda mashindano. Asubuhi kabla ya mechi waamuzi wanakusanya magongo na kuyapitisha kwenye kifaa cha kubana: wanalilaza, wanalibana katikati ya sehemu ya kugongea, sindano inasoma. Langu likasoma chini kabisa, yaani ukuta wake ulikuwa laini kupita kiasi. Mwamuzi hakusema neno. Akaligeuza akatazama kifuniko cha mwisho. Akaniita, "Njoo uone." Pembeni ya kifuniko kulikuwa na mstari wa gundi ya rangi ya asali, na gundi ya kiwandani ya gongo lile ni nyeusi. Akaligonga kwa kidole, likalia kama kopo tupu. Mtu alikuwa amefungua kifuniko, akaingiza mashine, akakwangua ndani ili ukuta uwe mwembamba, akafunga.

Nilieleza kwamba nimenunua hivyo hivyo. Nani atasikia? Kila mkwanguaji anasema hivyo. Gongo likachukuliwa, timu ikacheza bila mimi, nikafungiwa msimu. Muuzaji nilipomtafuta, ukurasa wake umefutika. Kilichoniuma si hela, ni wenzangu. Kuna wawili mpaka leo wakiniona napiga mpira wa mbali wanatazamana.

Kwa hiyo hilo la jamaa wa kazini, kama hujalishika mkononi ukaangalia kifuniko, hapana.

Mzee_Fort_Worth
Pole ndugu yangu. Lakini usimhukumu jamaa wa watu kwa makosa ya mwingine. Wengine magongo yao ni masafi, wanauza tu kwa sababu mke amesema garaji imejaa.

Kobe_wa_Kansas
Mzee, sijamhukumu. Nimesema aangalie kifuniko.

Fundi_wa_Magongo
Na kukwangua gongo si wizi tu, ni hatari. Anayerusha mpira anasimama futi 50 kutoka kwa mpigaji, mita 15 na ushee. Mpira wa maili 98 kwa saa unamfikia ndani ya nusu sekunde, na huo ni wa gongo halali. Mrushaji wa miaka 67 hana kinga kwa hilo. Ndiyo maana kwenye sheria za SSUSA mrushaji anaruhusiwa kurudi nyuma hadi futi 60.

Nesi_Lowell
Barakoa ya uso! Kila mrushaji avae, hata ligi isipolazimisha. Mume wangu alikataa, akasema anafanana na mlinda mlango wa magongo ya barafu. Nikamwambia sawa, utafanana na mtu asiye na meno.

Dogo_Tandika
Samahani wazee wangu, niko Dar, nimeingia tu uzi huu. Hivi huu si ule mchezo wa rede umeongezewa gongo? 😅 Na nimesoma mahali kwamba mtu akishachoka anakimbiliwa na mwingine. Sasa hapo mchezo uko wapi?

Kipepeo_wa_Nyali
Dogo, huku Kenya sisi tulicheza rounders shule ya msingi, hiyo ndiyo ndugu yake wa karibu. Rede ni kukwepa mpira, na hakuna gongo.

Mkimbiaji wa kuazima yupo, na ni haki. Mzee akifika besi salama anaweza kumwachia mwenzake amkimbilie. Goti bandia halimzuii mtu kugonga mpira. Ukija na hoja hiyo kwenye uwanja wa miaka 75 na kuendelea watakukimbiza wao wenyewe.

Mzee_Fort_Worth
Dogo, ungeona sheria zetu ungejua zimefikiriwa. Pale nyumbani, yaani besi ya mwisho, mkimbiaji ana kibao chake cha kufungia pointi kilicho kando, mbali na kile cha mpigaji, ili mkimbiaji na mdakaji wasigongane. Na kuna mstari futi 20 kabla ya kufika: ukiuvuka huwezi kurudi, na hakuna anayekugusa na mpira, mdakaji anakanyaga kibao tu. Mpigaji anaanza na hesabu ya moja-moja, mpira mbaya mmoja wa mrushaji na straiki moja, yaani kosa moja la mpigaji, ili mechi iende haraka. Na pointi zina kikomo cha tano kwa kila zamu, isipokuwa zamu ya mwisho, hiyo iko wazi. Nimewahi kuona timu iliyoachwa pointi kumi ikashinda kwenye ya mwisho.

Fundi_wa_Magongo
Kikomo cha tano si kwa wote, mzee. Kundi la juu kabisa, Major Plus, wana saba.

Mzee_Fort_Worth
Mimi nazungumzia binadamu wa kawaida.

Dogo_Tandika
Waganda ndio wametutangulia. Lugazi walifika kwenye fainali za dunia za Little League kule Marekani 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Sisi bado tunabishana Simba na Yanga.

Kobe_wa_Kansas
Hiyo ni besiboli ya watoto, lakini heshima kwao. Mwaka uliotangulia Waganda wengine walifuzu wakanyimwa viza, watu wengi hawalijui hilo.

Kipepeo_wa_Nyali
Tunahama mada.

Mzee_Fort_Worth
Mada ilishahama tangu mpira wa njano.

Kama ni kuhama, basi mjue kule St. Petersburg, Florida, kuna klabu ya Kids and Kubs iliyoanza 1930, kuingia mpaka uwe umefika miaka sabini na kitu. Wanavaa nyeupe tupu. Na Chicago, ulikozaliwa mchezo huu 1887, bado wapo wanaocheza na mpira wa inchi 16 bila glavu. Mikono mitupu! Vidole vyao ukiviona utadhani tangawizi.

Mwana_wa_Pangani
Jamani nashukuru, nimejifunza mengi. Meneja amenijibu. Anasema ligi inakubali muhuri wa USA Softball tu siku za Jumanne, lakini wikiendi timu inapokwenda mashindano ya SSUSA magongo ya 1.21 yanaruhusiwa. Mpira wa Jumanne ni 52/300. Sasa ina maana ninunue mawili?

Fundi_wa_Magongo
Ndiyo. Au uamue kwanza kama utakwenda hayo mashindano. Mtu mwenye msimu wa kwanza hana haja. Alumini lenye muhuri wa USA Softball, Jumanne zako zimetulia, na baridi ya Aprili hailigusi. Mengine mwakani.

Mzee_Fort_Worth
Mwakani! Ana miaka 50, si 20. Oktoba kuna Huntsman World Senior Games pale St. George, Utah, umri ni 50 tu kuanzia, milima myekundu, watu kutoka kila pembe. Sisi tunatafuta mtu wa kucheza nje upande wa kushoto. Nunua Miken, uje.

Kipepeo_wa_Nyali
Kumbe! Ndiyo maana umekuwa ukimsukumia gongo la 1.21 tangu mwanzo. Mzee unasajili wachezaji humu.

Mzee_Fort_Worth
Nimekana?

Nesi_Lowell
Viatu kwanza. Nimemaliza.

Kobe_wa_Kansas
Na la jamaa wa kazini umeliona?

Mwana_wa_Pangani
Amelileta leo. Kifuniko kinaonekana sawa, gundi nyeusi. Lakini muhuri umefutika nusu, nasoma "1.2" halafu pamechubuka. Ameshusha mpaka dola 80.

Fundi_wa_Magongo
Muhuri usiosomeka mwamuzi analitoa, hata kama ni zima. Dola 80 za kupigia mazoezi, kama unazo za kuchezea.

Mzee_Fort_Worth
80 kwa kompositi? Chukua!

Kobe_wa_Kansas
Usichukue.

Mama_Neema_Dallas
Habari zenu. Dada yangu ana miaka 61 na anataka kuanza. Wanawake wanatumia gongo hili hili au kuna lao? Na mpira?

Kipepeo_wa_Nyali
Karibu mama. Mpira wao kwa kawaida ni wa inchi 11, mdogo kidogo. Gongo wengi wanapenda jepesi, aunsi 25 au 26. Ila tafadhali anzisha uzi wake, humu hatujamaliza hata la Pangani. Na andika yuko jimbo gani.