Tankwa Karoo na mashamba ya mvinyo ya Cederberg kwa gari dogo, Februari: mpango huu una kasoro gani?

Bi_Likoni
Hamjambo wenzangu. Tuko wanne, tunatoka Mombasa Februari kwa siku saba. Tutashuka Cape Town, Afrika Kusini, tukodi gari dogo la kawaida, tulale Ceres, kesho yake tushike barabara ya R355 tuingie nyika ya Tankwa Karoo tulale huko usiku mmoja. Halafu tupande milima ya Cederberg, siku mbili kwenye shamba la mizabibu la Dwarsrivier, tushukie Citrusdal na kurudi kwa barabara kuu ya N7. Dereva wetu hanywi pombe kabisa, kwa hivyo hilo halitusumbui. Nauliza: gari litahimili? Februari inafaa? Na tunaruhusiwa kurudi na chupa ngapi?

Fundi_Changamwe
Dada, injini haitakuwa na neno. Shida ni tairi.

Kati ya Ceres na Calvinia ni kama kilomita 250 bila mji hata mmoja, na sehemu kubwa haina lami. Mawe ya kule si kokoto za mviringo. Ni mwamba unaopasuka vipande bapa, ukingo wake mkali kama kigae cha chungu, na greda ikipita huviacha vimesimama. Hivyo havitoboi kama msumari, vinachana ubavu wa tairi. Utambi wa raba wa kuzibia tyubilesi unaziba tundu kwenye uso wa tairi tu. Ubavu ukichanika, tairi hiyo imekwisha. Kwa hivyo dai spea ya ukubwa kamili kabla hujalipa. Ile nyembamba ya dharura, ambayo magari mengi madogo huja nayo, usiingie nayo Tankwa.

Mkikabidhiwa gari, msiondoke uwanjani kabla ya kutoa spea na kuipima upepo. Jaribuni pia kulegeza nati moja kwa wili spana iliyomo. Nati zilizokazwa kwa mashine mara nyingi hazifunguki kwa spana fupi, na kama kuna nati ya kuzuia wizi, ufunguo wake uwe ndani ya gari. Kule simu haishiki, kwa hivyo kosa hilo ligunduliwe mjini.

Upepo: kama lami ni PSI 32, changarawe shusheni hadi 26 hivi. Tairi laini hulala juu ya jiwe badala ya kukatwa nalo. Mwendo 60. Lori likija mbele, punguzeni kabisa na mkae kushoto, kwa sababu mawe yanayorushwa ndiyo huvunja vioo. Nunueni pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari, mjaze tena mkifika lami.

Someni mkataba pia. Bima ya kawaida mara nyingi haigusi tairi, kioo wala tumbo la gari, na mikataba mingine yakataza changarawe kabisa. Kadi ya benki ya kuwekea dhamana ya gari hutakiwa iwe na jina la dereva mwenyewe.

Mzee_wa_Nyika
Upepo ningeshusha hadi 20, tairi inatulia zaidi kwenye mawimbi ya barabara.

Fundi_Changamwe
Kwa Land Cruiser sawa, mzee wangu. Tairi ya gari dogo ina ubavu mfupi. Ukishusha hadi 20 na watu wanne ndani, ubavu unatokeza nje kuliko uso, ndio unaokutana na jiwe kwanza. Tena hupata moto. Wasishuke chini ya 26.

Mzee_wa_Nyika
Nimekuelewa, kwa gari lao ni kweli.

Basi niongeze ya maji na hali ya hewa. Februari Tankwa hupita nyuzi 40. Sisi wa Pwani tumezoea joto la jasho; kule jasho hukauka kabla hujaliona, mtu akaishiwa maji bila kuhisi. Lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku moja ibaki garini. Mafuta jazeni Ceres hadi pomoni. Ramani zipakueni mapema. Lango la shamba mkilikuta limefungwa, pita na ulifunge. Mkilikuta wazi, liacheni wazi.

Kutoka Tankwa pandeni kwa njia ya mlimani ya Katbakkies hadi uwanda wa Koue Bokkeveld, kisha kaskazini. Msiendeshe usiku hata kidogo.

Kama tarehe hazijakatwa, ningesogeza hadi mwisho wa Agosti au Septemba mwanzoni: maua ya nyikani huchanua mvua ikiwa imenyesha vizuri. Ila beba sweta nzito, usiku wa milimani huganda, na Julai hadi Agosti theluji huweza kuanguka vileleni. Sneeuberg ina zaidi ya mita 2,000.

Mama_Mizabibu
Kwa mvinyo, mimi naitetea Februari. Ndio mavuno. Mtaona zabibu zikiingia kiwandani na kunusa chachu inayofanya kazi, kitu ambacho Septemba hakipo.

Mizabibu ya Dwarsrivier iko kama mita 1,000 juu ya bahari, mbali na mashamba mengine. Mchana jua kali, usiku baridi inashuka ghafla, na baridi hiyo ndiyo inayohifadhi ugwadu wa zabibu. Joto la usiku lingeula. Ulizeni Bukettraube, zabibu nyeupe isiyolimwa kwingi, mvinyo wake una utamu kidogo na harufu ya maua. Wekeni nafasi ya kuonja mapema, na vibali vya kupanda hadi tao la mwamba la Wolfberg Arch au kuona michoro ya mapangoni ya Stadsaal. Kuonja ni kumung'unya na kutema. Kopo la kutemea linawekwa mezani kwa kazi hiyo. Dereva wenu apewe chai ya rooibos, maana mmea wake asili yake ni milima hiyo hiyo.

Chupa: forodha yetu inaruhusu lita 2 za mvinyo kwa mtu mzima, yaani chupa mbili za mililita 750. Na msiziache kwenye buti mchana. Mvinyo ukipata moto hutanuka, kizibo husukumwa juu kidogo na utepe wa unyevu hutokea pembeni yake. Ukiona hivyo, hewa imeshaingia. Zilazeni chini ya kiti, zimefungwa kwa taulo lenye maji.

Bi_Likoni
Shukran sana. Karatasi je?

Mama_Mizabibu
Pasipoti ya Kenya haihitaji viza ya Afrika Kusini, siku 90 kwa mwaka, tangu Januari 2023. Cheti cha homa ya manjano ni lazima, na chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Kutoka Mombasa hakuna ndege ya moja kwa moja, mtabadilisha Nairobi au Addis Ababa, kwa hivyo cheti kiwe kwenye mkoba wa mkononi. Soketi zao ni za pini tatu nene za duara, bebeni adapta. M-Pesa haipo, tembeeni na randi taslimu kwa maduka ya njiani.

Bi_Likoni
Februari basi, na spea kamili. Leo nampigia wakala.