Yagi ya mita 40 inahama upepo ukivuma: nitoboe mlingoti, niongeze klampu, au ninunue rota kubwa?

Masafa_Marefu
Wakuu, salaam. Nina Yagi (antena ya redio ya kuelekezwa upande mmoja) ya bendi ya mita 40 juu ya mnara. Kila upepo mkali ukipita, kisanduku cha rota (mota inayozungusha mlingoti na antena) kinaniambia antena inatazama kaskazini, nikitoka nje naikuta imegeukia kwingine. Juzi imehama kama nyuzi 40. Nimeshapanda mara tatu kuirudisha na magoti yameanza kulalamika.

Nina njia tatu na nataka kuamua kabla msimu wa upepo haujaanza:
1. Kutoboa mlingoti (bomba linalobeba antena juu ya rota) na kupitisha bolti hadi upande wa pili wa klampu ya rota.
2. Kuongeza klampu na kukaza mpaka basi.
3. Kuachana na rota hii na kununua kubwa zaidi.

Ipi bora?

Fundi_Nati
Mkuu, umetuletea mgonjwa bila kusema anaumwa wapi. Antena ina elementi (zile fimbo za kurusha na kupokea mawimbi) ngapi, boriti inayozibeba ina urefu gani? Mlingoti una kipenyo gani, unene gani, chuma gani? Rota ni ipi, na iko ndani ya mnara au imekaa juu ya nguzo? Beringi ya juu, ya kuushika mlingoti kileleni mwa mnara, ipo? Halafu kubwa kuliko yote: kinachoteleza ni kipi? Mlingoti ndani ya klampu ya rota, boriti juu ya mlingoti, au rota yenyewe inasukumwa kinyumenyume? Kila kimoja kina dawa yake.

Mzee_wa_Mawimbi
Toboa. Mambo ya kukaza klampu kila mwezi ni kujitesa.

Masafa_Marefu
@Fundi_Nati elementi mbili, zimefupishwa kwa koili za waya. Boriti kama mita 6. Rota ni ya kawaida tu, niliipata kwa mtu ikiwa imetumika. Mlingoti ni bomba la chuma. Beringi ipo.

Fundi_Nati
"Bomba la chuma" na "rota ya kawaida". Ahsante, sasa tumejua kila kitu. 😅

Mzee_wa_Mawimbi
Vijana mnapenda maswali. Bolti ya milimita 10, tobo liwe la kubana, si la kulegea, maana likilegea bolti inagongagonga na tobo linakuwa yai. Wanaosema kutoboa kunadhoofisha mlingoti hawajui nguvu inakaa wapi. Penye beringi ya juu ndipo mlingoti unapindwa zaidi. Ukishuka kuelekea kwenye rota, kupinda kunapungua mpaka karibu kuisha. Kwa hiyo tobo la kwenye rota halina madhara. Tobo la kwenye beringi ndilo la kuogopa.

Dada_Koaksi
Hapo kwenye kupinda Mzee yuko sahihi. Lakini na mimi nilitoboa, na ngoja nisimulie ili mtu asije kusema hakuambiwa.

Nilikuwa na tatizo hilihili. Klampu inateleza, nikapewa ushauri huuhuu (si na wewe Mzee, na mwingine), nikapitisha bolti, nikashuka nimejiona fundi. Miezi kadhaa antena haikusogea hata kidogo. Usiku mmoja ukaja upepo wa kushtukiza, si ule wa kuvuma sawasawa, ni ule unaosukuma, unaachia, unasukuma tena. Nikiwa ndani nasikia mlio kama mtu anakanyaga vigae. Kumbe ni meno ya gia. Klampu haikuwa na ruhusa ya kuteleza tena, basi kila pigo la upepo lilishuka moja kwa moja kwenye gia.

Meno yalipoisha antena ikawa feni. Ilizunguka usiku kucha. Kebo yangu ilikuwa na kitanzi cha kutosha mzunguko mmoja; ilijisokota kwenye mlingoti mara nne mpaka kiunganishi kikang'oka. Waya za rota zikafuata. Alfajiri niko juu na kamba najaribu kufunga boriti kwenye mguu wa mnara, na kila nikiikamata inanisukuma kama ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. Nilifanikiwa mara ya tano au ya sita. Rota haikutengenezeka.

Klampu ikiteleza napanda na spana. Gia ikikatika napanda na kilio.

Fundi_Nati
Dada, kupanda mnara wakati antena inazunguka hovyo? Ungetupwa chini. Mpanda ngazi hushuka, lakini si kwa namna hiyo.

Dada_Koaksi
Mkanda nilivaa. Akili ndiyo niliiacha chini.

Mzee_wa_Mawimbi
Rota yako ilikuwa ndogo. Usilaumu bolti.

Dada_Koaksi
Silaumu bolti. Nasema upepo ukizidi lazima kitu kimoja kiachie, na mimi nachagua kiwe kile cha kurekebisha kwa spana.

Fundi_Nati
Ndiyo maana mimi sipendi rota za gia za kawaida kwa antena za mita 40. Tafuta yenye gia ya skurubu, kama Prosistel za Italia au OR-2800 ya M2. Skurubu inazungusha gurudumu, gurudumu haliwezi kuzungusha skurubu. Upepo usukume utakavyo, haitarudi nyuma, na haihitaji breki ya pembeni.

Dada_Koaksi
Na nguvu inaenda wapi? Haipotei, Fundi. Inahamia kwenye bolti za sahani ya rota, kisha kwenye mnara.

Fundi_Nati
Afadhali huko. Mnara ni mkubwa.

Kipimo
Mnabishana bila namba. Nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 100 kwa saa kwenda 140, mnaona ni ongezeko dogo, lakini msukumo karibu unakuwa maradufu. Kwa kilomita 120 kwa saa, bomba la mviringo lenye eneo la mita moja ya mraba linasukumwa na kama nyutoni 820, sawa na uzito wa mtu mzima ameegemea antena yako.

Sasa msokoto, ambao ndio unaozungusha mlingoti. Watu wanadhani elementi ndizo zinazouleta. Elementi iliyolingana kushoto na kulia inasukumwa kufuata boriti, na msukumo huo unapita kwenye mlingoti wenyewe, hauzungushi kitu. Kinachozungusha ni boriti kama upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine. @Masafa_Marefu, boriti imeshikwa katikati kabisa?

Masafa_Marefu
Hapana, nimeisogeza kama sm 30 kutoka katikati ili uzito ulingane. Elementi moja ni nzito zaidi kwa ajili ya koili zake.

Halafu nilisahau kusema, juu yake kuna Yagi ya bendi ya mita 6 pia. Iko mita 2 na kidogo juu ya beringi.

Fundi_Nati
"Nilisahau kusema." 🤦🏾

Kipimo
Basi tumekaribia. Umelinganisha uzito ukaharibu mlingano wa eneo linalopigwa na upepo. Upande mmoja mita 3.3, mwingine 2.7. Kama boriti ina kipenyo cha milimita 76, upepo wa kilomita 120 ukiipiga ubavu unaleta msokoto wa kama nyutoni-mita 110. Ni sawa na kuning'iniza kilo 11 kwenye spana yenye urefu wa mita moja, na kuziachia na kuzining'iniza tena usiku kucha. Klampu yoyote inayoshika bomba laini kwa msuguano tu itatembea kidogokidogo.

Usitoboe kwanza. Ongeza bomba tupu la plastiki la kipenyo kilekile kwenye ncha ya upande mfupi, sm 60, pande zote zilingane. Plastiki ni nyepesi, haitakuvurugia sana mizani ya uzito.

Mzee_wa_Mawimbi
Plastiki juani itakatika.

Kipimo
Ipake rangi.

Mzee_wa_Mawimbi
Na upepo ukija elekeza boriti kwenye upepo. Sisi tulifanya hivyo miaka yote, hizo nyutoni hatukuwa nazo.

Kipimo
Inategemea antena, Mzee. Elementi zake mbili zikiwa za mita 13 na nusu kila moja, kipenyo cha wastani milimita 25, zina eneo la karibu mita za mraba 0.68. Boriti yake ni kama 0.46. Ukielekeza boriti kwenye upepo, elementi zote zinapigwa kifuani. Kwa antena hii ni afadhali ncha za elementi ndizo zitazame upepo.

Mzee_wa_Mawimbi
Halafu boriti ipigwe ubavu, ndipo huo msokoto wako wa 110 unapotokea. Umejifunga goli.

Kipimo
Ndiyo maana nimesema alinganishe boriti kwanza.

Dada_Koaksi
Tena upepo wenyewe haukai upande mmoja. Nani ataamka saa nane usiku kugeuza antena?

Mvivu_wa_Kupanda
Nyote mnateseka bure. Mnara wa kushuka na kupanda kwa winchi. Upepo ukitangazwa unateremsha, unalala. Antena salama ni iliyo chini.

Fundi_Nati
Mkuu, mwenzako ana mnara wa kusimama, ameuliza habari ya klampu. Unamshauri ahamie nyumba nyingine kwa sababu mlango unapiga kelele.

Mvivu_wa_Kupanda
Mlango ukipiga kelele kila mwaka, kuhama si wazo baya.

Fundi_Nati
Turudi kwenye mada. @Masafa_Marefu bado hujasema rota iko wapi. Ina maana kubwa. Chukua mfano wa rota ya Ham IV: ikikaa ndani ya mnara na beringi juu yake inaruhusiwa futi za mraba 15 za eneo la upepo. Ikikaa juu ya nguzo, mlingoti ukisimama juu yake bila msaada, ni 7.5 tu. Rota ileile, nusu ya mzigo.

Na kama mlingoti ni mwembamba kuliko nafasi ya klampu, umeweka shimu (kipande chembamba cha kujazia pengo)? Kuna klampu zinazosukuma bomba upande mmoja, mlingoti haukai katikati. Kila ikizunguka, beringi inavuta huku, rota kule, na bolti zinajilegeza zenyewe.

Masafa_Marefu
Iko ndani ya mnara, mita 1.5 chini ya beringi. Shimu sijaweka. Mlingoti nimeuzungushia uzi nikapima: sm 15.2.

Kipimo
15.2 gawa kwa 3.14, kipenyo ni milimita 48.4. Ndugu yangu, hilo ni bomba la maji la inchi moja na nusu.

Masafa_Marefu
Ni zito lakini.

Kipimo
Zito si gumu. Kama ukuta wake ni milimita 3.7, na antena zote kwa pamoja zina mita moja ya mraba zikiwa mita 2 juu ya beringi, kwa kilomita 120 chuma pale kwenye beringi kinabeba mkazo wa kama megapaskali 300. Mabomba mengi ya namna hiyo yanaanza kupinda moja kwa moja kwenye 240 hivi. Bomba la milimita 50.8 lenye ukuta wa 6.35 lingebeba mkazo wa 185 tu kwa upepo uleule, na likiwa la kromoli (chuma imara cha kromiamu na molibdenamu) huna hata haja ya kuliwaza. Kuteleza ndiko kulikuwa kunakuokoa? Hapana, kuteleza na kupinda ni vitu viwili. Ila mimi ningelala nikiwaza kupinda.

Dada_Koaksi
Kwa hiyo ameuliza klampu, tumempa mlingoti mpya.

Fundi_Nati
Kwa sasa: shusha ile ya mita 6 au isogeze karibu na beringi, kila sentimita unayoishusha inasaidia. Futa grisi na rangi ndani ya klampu. Weka shimu. Kaza bolti zote kwa zamu, si moja mpaka mwisho kisha nyingine. Rudi baada ya wiki mbili ukaze tena, maana zinki ya juu ya bomba inabonyea na bolti zinapoteza mkazo. Nati za chuma cha pua zipake grisi ya kuzuia kushikana, la sivyo siku ya kufungua utazikata kwa msumeno.

Mzee_wa_Mawimbi
Halafu toboa.

Dada_Koaksi
Kama lazima atoboe, basi bolti iwe laini, ikatike kabla ya gia.

Mzee_wa_Mawimbi
Laini kiasi gani?

Dada_Koaksi
Hapo ndipo penye kazi. Nyembamba mno inakatika kila wiki, nene mno unarudi kwenye hadithi yangu.

Masafa_Marefu
Nashukuru wakuu. Jumamosi nikipata mtu wa kunishikia kamba nitapanda na kalipa (kifaa cha kupimia unene) nipime ukuta wa bomba. Ncha ya juu nimeiziba kwa kifuniko, sijui kama kitatoka. Boriti nayo nitaipima, naanza kuwa na shaka kama nimeisogeza sm 30 au 40.

Fundi_Nati
Piga na picha ya klampu.

Mgeni_Hewani
Samahani kutoka nje ya mada. Hiyo Yagi ya mita 6 ukiishusha, utaipandisha tena au utaiuza?