Sebule iwe na hali ya asili: mianzi, mimea ya ndani au mikeka ya ukindu?

Kijani_Tabata
Wakuu, heshima kwenu. Nataka sebule iwe na hali ya asili, mtu akiingia aone kijani na vitu vya shamba badala ya marumaru na masofa matupu. Nimebakiwa na mambo matatu: kufunika ukuta mmoja kwa mianzi, kuweka mimea kwenye vyungu vikubwa, au mikeka ya ukindu ukutani na sakafuni. Bajeti ni laki nane, kwa hiyo vyote haviwezekani. Fundi anataka jibu kabla ya Jumamosi. Kipi kitadumu? Nawasilisha.

FundiMbao_Keko
Mkuu, hapo bado hujaeleza kitu. Nyumba ni yako au umepanga? Ukuta una urefu na upana gani? Dirisha linatazama wapi? Rangi inabanduka popote? Kuna mtoto anayetambaa, au paka? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Mama_Vyungu
Weka mimea, na uanze na ZZ (Zamioculcas, ule wenye majani mazito yanayong'aa). Huo ni mmea wa kwetu kabisa, unaota porini kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Chini una viazi vinavyotunza maji, kwa hiyo ukame hauuui. Kinachouua ni kumwagiliwa kila siku.

Udongo uchanganye hivi: sehemu mbili udongo wa bustani, moja mchanga wa mto, moja pumba za mpunga zilizochomwa. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Ukitumia makumbi ya nazi, yaloweke na uyasuuze mara tatu au nne, nayo huja na chumvi yake. Chungu lazima kiwe na matundu chini. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini. Kikitoka na udongo umeganda, subiri.

Ukiona majani yamegeuka njano na shina limelainika pale linapoingia kwenye udongo, viazi vimeanza kuoza. Ng'oa, kata mpaka ufikie sehemu ngumu, acha kidonda kikauke kivulini siku mbili, kisha panda kwenye udongo mpya. Vaa glovu, utomvu wake unawasha.

Kijani_Tabata
Samahani wakuu. Nyumba ni ya kupanga. Ukuta ni mita 4 kwa 2.7. Mtoto yupo, ana mwaka mmoja. Chini kwenye kona kulikuwa na fangasi, mwenye nyumba akapaka rangi juu yake.

FundiMbao_Keko
Hapo kwenye kona ndipo pa kuanzia. Rangi haikaushi ukuta. Chukua nailoni nene ya sentimita 50 kwa 50, ibandike hapo kwa tepu pande zote nne, uiache siku mbili. Matone yakionekana upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa nzito, na dirisha litasaidia.

Nieleze kazi moja ya mianzi niliyoitwa kuibomoa, maana ndiyo hiyo unayotaka kufanyiwa. Mianzi ilikatwa ikiwa michanga, mvua zikiwa zimekolea, wakati imejaa wanga. Ikapasuliwa, ikapakwa vanishi, ikapigiliwa misumari moja kwa moja kwenye plasta. Miezi michache baadaye unga laini wa rangi ya maziwa ukaanza kudondoka sakafuni kila asubuhi. Huo ni kazi ya mdudu mdogo anayetoboa mianzi akifuata wanga, na akishaingia vanishi ya juu haimzuii. Wenyewe wakawa wanafagia tu, wakidhani ni vumbi la barabarani. Tulipofungua, nyuma yote ilikuwa nyeusi kwa fangasi kwa sababu hapakuwa na upenyo wa hewa, na kila msumari ulikuwa umepasua mwanzi wake. Hakuna kilichookolewa.

Mwanzi wa kazi hiyo ukatwe ukiwa na miaka mitatu hadi mitano, wakati wa kiangazi. Toboa vifundo kwa nondo ndefu ili dawa ipite ndani. Dawa ni boraksi kilo 3 na asidi ya boriki kilo 2 kwa lita 95 za maji. Loweka wiki moja hadi siku kumi, kisha simamisha kivulini mpaka ukauke. Ukutani tanguliza mbao za inchi 1 kwa 2 ili nyuma ibaki nafasi ya hewa, na kila tundu la skrubu litobolewe kwanza kwa drili. Muulize fundi wako kama atafanya haya. Akijibu kwamba vanishi inatosha, achana naye.

Meru_Juu
Fundi kasema kweli, ila asiitupe mianzi yote. Kwa mpangaji, tengeneza fremu inayosimama yenyewe, kama pazia la kugawa chumba, mita 1.8 kwenda juu, miguu mipana. Hakuna tundu ukutani, na ukihama unabeba. Ila kwa mtoto wa mwaka mmoja, ifunge kwenye kitu kizito isije ikamwangukia.

Bi_Ukili_Mombasa
Jamani, mbona mkeka mmeupita? Ukindu kwa nyumba ya kupanga hauna mpinzani, misumari miwili tu juu basi. Ukinunua, ugeuze nyuma uangalie ukili (ule utepe wa ukindu uliosukwa) ulivyoshonwa. Mshono ukiwa na nafasi ya kupitisha kidole, mkeka utafumuka kuanzia ukingoni. Mkeka wa rangi usiuweke panapopigwa na jua la mchana, nyekundu na zambarau hupauka kwanza. Sakafuni juu ya marumaru weka wavu wa mpira chini yake, maana unateleza vibaya sana. Usiuoshe kwa kuuloweka. Pangusa kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, kisha uanike penye upepo. Na kwenye ile kona yenye unyevu usiuache uguse ukuta, utaota ukungu kwa nyuma.

Daktari_wa_Mimea
Mama_Vyungu, ZZ na mtoto wa mwaka mmoja hapana. Jani lake lina fuwele za oksaleti, akitafuna mdomo unavimba na kuuma. Weka feri (fern, mmea wa majani kama manyoya), haina shida hiyo.

Mama_Vyungu
Feri kwenye sebule yenye feni mchana kutwa inakauka ncha ndani ya wiki. ZZ iwekwe juu ya kabati, mtoto hafiki.

Daktari_wa_Mimea
Mwaka huu hafiki. Mwakani atapanda kiti.

Kaka_Sinza
Halafu mimea usiku si inamaliza hewa? Na wengine wanasema inasafisha sumu za nyumbani.

Daktari_wa_Mimea
Kaka, hewa inayovutwa na vyungu vitatu usiku ni kidogo mno, mtu mmoja aliyelala anavuta zaidi sana. Hiyo ya kusafisha ilitokana na utafiti wa NASA wa 1989, na mimea ile ilikuwa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walipiga hesabu upya wakaona ungehitaji mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kuushinda upepo wa dirishani. Panda kwa sababu unaipenda.

Meru_Juu
Je, boriti za mikoko darini? Zile za Lamu zinapendeza sana.

FundiMbao_Keko
Mikoko ni hifadhi, kuivuna kunahitaji kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Ukiuzwa boriti bila karatasi, kesi inakuwa yako.

Bi_Ukili_Mombasa
Na zile za Lamu zilibeba dari kwelikweli, hazikuwa pambo. Vyumba vya kule ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti.

Kijani_Tabata
Nailoni nimebandika leo asubuhi, fundi nimemwambia asubiri. Nafikiria mkeka, na maniplanti (money plant, mmea unaotambaa) kwenye chupa za maji dirishani, sebule ipate kijani bila udongo.

Daktari_wa_Mimea
Maniplanti ina oksaleti ileile, ining'inize juu. Na maji umwage yote kila baada ya siku tano, usugue chupa kwa ndani, maana mayai ya mbu wa dengue hushika ukingoni. Dar ililipukiwa na dengue 2014 na 2019, na mbu huyo anapenda maji masafi ya ndani ya nyumba. Visahani vya chini ya vyungu navyo jaza mchanga.

FundiMbao_Keko
Dirisha linatazama wapi, mkuu? Nimeuliza tangu mwanzo.